Zana za Mawindo na Matunzo Yake katika Nchi ya Mto Mara

Utamaduni wa watu haukai katika ngoma na nyimbo peke yake. Hukaa pia katika vitu vya mikono: katika mpini wa jembe, katika kibuyu cha maziwa, katika ukanda wa kiatu. Aghalabu tuandikapo habari za wazee wetu, vitu hivi tunavitaja kwa majina tu kisha tukavipita. Mtu huandika kwamba wazee waliwinda kwa pinde na mishale, akaishia hapo, kana kwamba upinde huota porini ukiwa tayari, au mshale waweza kukaa miaka kumi bila kuangaliwa. Shabaha ya makala haya ni kusema kidogo juu ya jambo lililoachwa: jinsi zana za mawindo zilivyochaguliwa, zilivyotunzwa, na zilivyobadilika katika nchi ya Mto Mara, hasa upande wa Kerende na majirani zake. Msomaji ataona kwamba habari hii ya vitu vidogo inagusa swali kubwa linalotukabili hata leo, nalo ni hili: katika urithi wa mawindo, kipi ndicho urithi hasa?

Nchi na watu wake

Kerende ni kijiji cha Wilaya ya Tarime, katika eneo la Nyamongo, kaskazini ya Mto Mara. Mto huo hutoka katika misitu ya Mau nchini Kenya, ukapita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, kisha ukamwaga maji yake katika Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Kaskazini ya mto wanakaa Wakurya. Kusini yake, katika Wilaya ya Serengeti, wako Wangoreme, Waikoma, Wanata na jamaa zao. Siku hizi jina la Kerende husikika zaidi kwa sababu ya dhahabu, maana mgodi mkubwa wa North Mara, ulioanza kuzalisha mwaka 2002, uko jirani. Lakini kabla ya sururu kulikuwa na mkuki, na kabla ya gari la mchanga kulikuwa na njia ya nyumbu.

Ni lazima tuseme kweli tangu mwanzo: Mkurya kwanza ni mtu wa ng'ombe na wa shamba la ulezi na mtama. Mawindo kwake yalikuwa nyongeza, na mara nyingi yalikuwa kimbilio. Kila mwaka wa kiangazi nyumbu hutoka nyanda za kusini, wakaja magharibi na kaskazini kutafuta majani na maji hadi kuuvuka Mto Mara. Kwa hiyo miezi ambayo ghala lilikuwa jepesi ndiyo miezi ambayo porini palikuwa na nyama. Ulipozuka ugonjwa wa sotoka katika Afrika Mashariki mnamo mwaka 1890 na miaka iliyofuata, ng'ombe walikufa kwa makundi, njaa ikaingia, na mwenye uta mzuri akawa ndiye mwenye nyumba isiyolala na njaa. Zana ya mawindo, basi, haikuwa pambo. Ilikuwa akiba, na akiba huchaguliwa na kulindwa.

Kuchagua zana

Kanuni ya kwanza ya wazee ilikuwa kuichagua zana kwa kuitazama nchi. Kwenye mbuga iliyo wazi mnyama humwona mtu kutoka mbali, hivyo mshale ulihitaji kupigwa toka mbali. Kwenye vichaka vya kando ya mto mtu na nyati waweza kukutana ghafula, hivyo mkuki mzito ulikuwa rafiki zaidi. Aliyekwenda na upinde mrefu katika kichaka chenye miiba alijitafutia taabu.

Mti wa upinde haukuwa mti wowote. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki miti ya jamii ya mkole imependwa, kwa kuwa ufito wake hupinda bila kuvunjika na hurudi mahali pake. Ufito ulichaguliwa ulionyooka, usio na fundo wala kidonda cha fukusi. Ulikatwa, ukabanduliwa ganda, ukakaushwa polepole kivulini. Aliyeuanika juani ili aumalize upesi aliuona ukipasuka. Hapa ule usemi wa haraka haraka kukosa baraka haukuwa mawaidha matupu. Ulikuwa kanuni ya ufundi.

Upote, yaani kamba ya upinde, ulitoka katika kano za mnyama mkubwa, zikachanwa nyuzi nyuzi na kusokotwa. Mshale nao ulikuwa na sehemu zake: uti mwepesi ulionyoka, manyoya ya ndege mkubwa ya kuuongoza hewani, na chembe ya chuma. Chuma kilikuwa kitu cha thamani. Majembe ya wahunzi wa Uzinza, ng'ambo ya ziwa, yaliuzwa mbali sana katika nchi za Ziwa Viktoria, na mhunzi mwenye busara hakutupa chuma: jembe lililokwisha makali liliweza kuzaliwa tena katika umbo jingine. Baadaye hata msumari ulifuliwa ukawa chembe.

Kisha kuna sumu, ambayo kwa Kiswahili cha zamani huitwa uchungu. Asili yake mashuhuri ni mti wa msunguti, ambao vipande vyake huchemshwa kwa muda mrefu hadi yabaki masazo meusi mazito kama lami. Sayansi imeonyesha kwamba nguvu ya uchungu huo huushambulia moyo, na ndiyo sababu jeraha dogo liliweza kumwangusha mnyama mkubwa. Waliosifika kwa kuupika ni Wandorobo, watu wa porini, na majirani zao wafugaji na wakulima waliupata kwao kwa kubadilishana mali. Zingatia jambo hili, ndugu msomaji: hata mwindaji hodari hakuwa na zana zake zote kwa nguvu zake mwenyewe. Podo moja lilikusanya kazi ya mhunzi, ya mchuna ngozi, ya mpika sumu na ya aliyejua ndege gani ana manyoya yafaayo. Podo lilikuwa mkataba wa majirani.

Kutunza zana

Nchi yetu ya joto ina maadui wanne wa zana: jua, unyevu, wadudu na kutu. Mzungu aliyekuja na mizigo yake kutoka Ulaya aliwafahamu maadui hawa baada ya hasara. Mwenyeji alizaliwa nao.

Upinde ulipakwa mafuta ili usikauke ukawa kama kijiti cha kuni. Ulipokuwa hautumiki, upote ulilegezwa, kwa maana upinde uliokazwa usiku na mchana huchoka, ukasahau kurudi. Upote wa kano una kasoro moja: ukilowa hulegea. Kwa hiyo katika mvua ulifichwa ndani ya ngozi au ukachukuliwa mkavu wa akiba. Mishale yenye uchungu ilifungwa kwa utepe mwembamba wa ngozi, na utepe huo ulikuwa na kazi mbili. Uliulinda uchungu usikauke na kupukutika, na ulimlinda mwenyewe, mkewe na watoto wake. Mtu asiyefunga mishale yake alikuwa hatari kwa nyumba yake kabla ya kuwa hatari kwa mnyama.

Zana za mti zilipokaa nyumbani ziliwekwa juu, karibu na paa, mahali moshi wa mekoni ulipopita. Moshi hufukuza fukusi na mchwa, nao hukausha unyevu. Ni elimu ile ile ya kibuyu cha maziwa, ambacho mama wa Kikurya hukifukiza ili kisioze. Kwa hiyo elimu ya kutunza haikuwa ya wanaume peke yao. Moto wa mwanamke ndio uliohifadhi uta wa mwanamume, ingawa katika masimulizi ya mawindo jina la mwanamke halitajwi.

Ngozi nayo ilikuwa na sheria zake. Kiatu au mfuko wa ngozi uliolowa haukuwekwa kando ya moto, kwa sababu ngozi iliyokaushwa kwa nguvu hukakamaa na kupasuka. Ulikaushwa kivulini, ukasuguliwa kwa mafuta ukiwa bado na unyevu kidogo. Ncha ya mkuki ilipakwa shahamu kuzuia kutu. Na kabla ya safari kila kitu kiliangaliwa upya, kwa sababu porini hapana pa kuazima.

Katika kutunza huku mlikuwa na adabu. Kijana hakukabidhiwa uta kwa sababu ya urefu wake. Alikabidhiwa alipoonekana kwamba anajua kuangalia kitu cha mtu bila kukumbushwa. Koo nyingi za Kikurya zina mnyama wao wa heshima, asiyeguswa na watu wa ukoo huo, na kwa namna hiyo mkono wa mwindaji ulikuwa na mipaka. Zana nazo ziliweka mpaka wa pili. Mshale mmoja uligharimu siku nyingi za kazi. Mwenye mishale sita hakuipiga ovyo. Alifuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa kutwa nzima, kwa ajili ya nyama na kwa ajili ya chembe yake pia.

Hata hivyo tusiwafanye wazee malaika. Walichimba pia mashimo katika njia za wanyama, na shimo halichagui jike mwenye mimba wala ndama. Tofauti ni kwamba shimo lilichimbwa na wengi, lilijulikana mahali pake, na halikuweza kuchukuliwa mfukoni.

Zana za wageni

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupinga biashara ya watumwa ulizuia kuuzwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki ya zamani ya kushindilia, yaani gobori, haikubanwa vivyo hivyo. Hii ndiyo sababu moja iliyofanya gobori lidumu mikononi mwa wenyeji wakati ambapo Ulaya lilikuwa limekwisha kuwa kitu cha ukumbusho. Gobori lilileta matunzo mapya. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kuitia mtutu kutu kwa usiku mmoja. Kwa hiyo baada ya kupiga lilioshwa kwa maji ya moto, likakaushwa kabisa, likapakwa mafuta. Baruti iliwekwa katika pembe iliyozibwa, mbali na moto na umande. Mtu aliyezoea kuulegeza upote na kuufukiza uta hakuona ajabu katika kazi hiyo.

Katika mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kwanza kubwa ya kusimamia mawindo katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Tangu hapo mawindo yalianza kuwa jambo la kibali na ada. Huku nyuma wawindaji wa nje walianza kufika. Mwaka 1913 Mmarekani Stewart Edward White, pamoja na R. J. Cuninghame, aliingia kaskazini mwa Serengeti kutoka upande wa Kenya, na kitabu chake cha safari hiyo kilitoka mwaka 1915. Wageni wa zama hizo walibebewa na wapagazi mahema, vitanda, masanduku na vyandarua. Vipo katika mizigo hiyo vilivyofaa, hasa chandarua. Lakini vipo vilivyochaguliwa na hofu tupu. Madaktari wao waliwaogofya kwamba jua la Afrika hupenya fuvu na uti wa mgongo, wakavaa kofia nene ngumu na vitambaa vizito mgongoni. Baada ya Vita Kuu ya Pili mavazi hayo yaliachwa, na jua halikumwua mtu kwa sababu ya kuyaacha. Kwa upande wa mbung'o, ambaye ni adui wa kweli katika vichaka vya nchi hii, jambo la maana lilikuwa rangi: mdudu huyo huvutwa na kitambaa cha buluu iliyokolea na cheusi. Mwenye kuvaa rangi ya majani makavu huumwa kidogo na huonekana kidogo.

Vita hivyo vilileta zana kwa njia nyingine. Vijana wengi wa Kikurya waliingia katika jeshi la King's African Rifles, na askari wa Tanganyika walipigana hadi Bukini na Burma. Waliporudi walikuja na viatu vya ngozi, makoti mazito na mifuko ya turubai, na zaidi ya hayo walikuja na desturi ya kukaguliwa: kila asubuhi kiatu, mkanda na bunduki viangaliwe. Wazee hawakuiona desturi hiyo kuwa ngeni.

Tairi moja, zana mbili

Sasa tufike kwenye jambo lenye uzito kuliko yote. Gari lilipoenea nchini, tairi lililochakaa liliwapa watu wetu vitu viwili. Cha kwanza ni kiatu cha katambuga. Jina lake lenyewe linasema kazi yake, yaani kuikata mbuga. Soli yake haipenywi na mwiba, hailiwi na mchwa wala haiozi kwa maji, na fundi huikata kwa kisu na kuifunga kwa misumari michache. Hapana zana ya porini iliyochaguliwa kwa busara kubwa zaidi katika zama zetu, nayo haikutoka katika kiwanda chochote cha ughaibuni.

Cha pili ni waya. Tairi likichomwa moto hubaki nyuzi za chuma, na nyuzi hizo zikafanywa tanzi. Tanzi la waya halichaguliwi kwa nchi, maana hufaa popote. Halitunzwi. Halina upote wa kulegeza wala utepe wa kufunga. Mtu mmoja aweza kutega mengi kwa siku moja, akasahau nusu yake, nayo yakaendelea kuua bila mwenyewe: nyumbu leo, twiga kesho, na keshokutwa simba aliyekuja kunusa mzoga. Nyama huoza porini, haimfikii mtoto wa mtu. Ndipo uwindaji wa kula ulipogeuka ukawa uchinjaji wa kuuza.

Watu wengine husema kwamba ujangili wa waya ni mila ya watu wa Mara. La hasha. Mila ilikuwa katika kuchagua na kutunza, na waya umeyafuta yote mawili. Ni kweli kwamba yako malalamiko ya haki. Mwaka 1951 ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka 1959 mipaka ikabadilishwa, Ngorongoro ikatengwa na upande wa kaskazini ukaongezwa. Watu waliokuwa na njia zao za mawindo na malisho walijikuta nje ya mstari, na hawakuulizwa sana. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974, na ile ya mwaka 2009 iliyochukua nafasi yake, zinakataza sumu, mashimo na matanzi, na hazimruhusu mtu kuwinda bila leseni. Mzee aliyejua uta kwa ufundi na mvunja sheria wa waya wote wawili huitwa jangili. Jina hilo moja limeuficha ufundi wa mmoja nyuma ya kosa la mwingine, na vijana wetu wakadhani kwamba hawana cha kurithi ila aibu.

Lakini hifadhi imetupa pia somo. Hesabu ya mwanzo wa miaka ya 1960 ilionyesha nyumbu kama laki mbili na nusu katika Serengeti. Kufikia mwaka 1977 walikuwa zaidi ya milioni moja, hasa kwa sababu ng'ombe wa majirani walichanjwa, sotoka ikakoma. Matunzo ya ng'ombe wa mwanakijiji yaliwaokoa nyumbu wa mbugani. Na tangu mwaka 2017 upo mradi wa kutegua matanzi katika Serengeti, ambao umewaajiri hata watu waliokuwa wakiyatega. Jicho lililojua pa kutega ndilo lijualo pa kutegua.

Yatupasayo

Tangu Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, tumekuwa tukikusanya vitu vya kale, nasi tunayo makumbusho, mathalani ile ya Butiama iliyofunguliwa mwaka 1999 katika mkoa huu huu wa Mara. Kazi hiyo ni njema. Lakini upinde ukiwekwa nyuma ya kioo pasipo jina la mti wake, pasipo kusemwa ulipakwa nini wala ulikaa wapi, mtazamaji ameonyeshwa mfupa bila nyama. Nao upinde wenyewe, mbali na moshi na mafuta, hungojea fukusi.

Kwa hiyo hatuna budi kuandika elimu ya matunzo wakati wenye kuijua wapo. Walimu wa shule wawatume watoto kwa babu na bibi zao na maswali ya namna hii: mti gani, uliokatwa lini, ulikaushwaje, uliwekwa wapi. Mafundi wa katambuga wahesabiwe miongoni mwa mafundi wa taifa. Na askari wa wanyamapori, mwongoza watalii, hata mwindaji mwenye leseni, waione elimu hii kuwa yao. Hema la turubai likikunjwa na unyevu litaoza, na la nailoni likiachwa juani litachanika. Buti lililolowa lijazwe majani makavu, likae kivulini, na asubuhi likung'utwe kabla ya kuvaliwa, maana nge hupenda malazi ya bure. Hayo yote mzee wa Kerende angeyakubali bila kuelezwa mara mbili.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mawindo ya zamani yamepita, wala hatuyarudishi. Mbacha tuliobakiwa nao ni tabia ya kuchagua kwa akili na kutunza kwa subira, na tabia hiyo haihitaji leseni. Naomba nimalizie kwa ubeti mmoja:

Mwindaji na uta wake, huishi kwa kushirika,
Aupe mafuta yake, kivulini kuuweka,
Ili siku ya shidake, usije ukavunjika,
Zana isiyo mwenyewe, si zana ni takataka.